Msukosuko wa hewa milimani

Msukosuko wa hewa milimani ni mtikisiko unaoipata ndege inapopita katika upepo uliovurugwa na mlima, safu ya milima au ukingo wa bonde. Mtikisiko wa ndani ya mawingu ya mvua rubani huuona kabla hajaufikia. Huu wa milimani mara nyingi hutokea mchana kweupe, anga ikiwa safi, na rada ya ndege haiuonyeshi, kwa sababu rada hiyo hutambua matone ya maji, si mwendo wa hewa. Mahali pa hatari zaidi kwa kawaida si upande unaopigwa na upepo, bali demani, yaani upande uliokingwa na mlima, ambako mtu angetarajia utulivu.

Upepo ukifika kwenye safu ya milima, hewa hulazimika kupanda. Ikiwa karibu na vilele kuna tabaka thabiti, ambamo hewa baridi imelala chini ya hewa yenye joto zaidi, hewa iliyopandishwa huwa nzito kuliko ile inayoizunguka. Ikishavuka kilele huporomoka, hupitiliza kimo chake cha awali, husukumwa juu tena, kisha hushuka. Maji ya mto yapitayo juu ya jiwe hufanya hivyohivyo: wimbi hubaki palepale nyuma ya jiwe, maji yenyewe yakiendelea na safari. Mawimbi haya ya mlima huhitaji upepo wa kilomita 40 kwa saa au zaidi kwenye kimo cha vilele, ukivuma karibu kukingama na safu, na kasi yake ikiongezeka kadiri mtu anavyopanda. Mawimbi hayo hupanda juu kuliko mlima wenyewe. Mnamo 2 Septemba 2018 Perlan 2, ndege isiyo na injini, ilikokotwa kwanza na ndege nyingine, kisha mawimbi ya milima ya Andes nchini Argentina yakaipandisha hadi zaidi ya mita 23,000.

Wimbi lililo laini halitikisi ndege. Huipandisha na kuishusha tu. Maafa huanza pale wimbi linapokuwa kubwa mno likavunjika, au pale chini ya mgongo wake hewa inapojiviringisha na kuwa rota. Rota hukaa karibu na kimo cha vilele au chini yake, na ndani yake upepo hubadilika upande na nguvu katika umbali mfupi kuliko urefu wa ndege. Wanasayansi walioongozwa na Joachim Kuettner waliichunguza katika Bonde la Owens, California, mashariki ya milima ya Sierra Nevada, katika miaka ya 1951 na 1952, na tena mwaka 1955. Tarehe 25 Aprili 1955 rota iliivunja vipande ndege isiyo na injini ya Larry Edgar, rubani mzoefu wa uchunguzi huo. Alirushwa nje akiwa haoni kitu, akaokolewa na mwavuli wake.

Dalili za mawimbi huandikwa na mawingu, hewa ikiwa na unyevu wa kutosha. Mawingu ya umbo la dengu husimama juu ya migongo ya mawimbi bila kusogea hata upepo ukivuma kwa nguvu, na mawingu yaliyochanika na kuzunguka chini yake huonyesha ilipo rota. Hewa ikiwa kavu, hakuna dalili yoyote.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Japani tarehe 5 Machi 1966. Boeing 707 ya shirika la BOAC, safari namba 911, iliondoka uwanja wa Haneda, Tokyo, kuelekea Hong Kong muda mfupi kabla ya saa nane mchana. Rubani aliomba kupanda kwa kutumia macho, akashika njia inayopita karibu na Mlima Fuji, wenye mita 3,776. Upepo wa kaskazini-magharibi kileleni ulizidi kilomita 100 kwa saa, na mwonekano ulikuwa mzuri sana. Juu ya mji wa Gotemba, upande wa demani, ndege ilipigwa na msukosuko uliopita kwa mbali mzigo ambao muundo wake ulikusudiwa kuubeba. Bawa wima la mkia lilikatika, injini zikang'oka, na mabaki yakatawanyika kwa kilomita nyingi. Watu wote 124 walikufa.

Ushahidi uliopatikana baadaye unaeleza ukali wa tukio hilo vizuri kuliko takwimu yoyote. Kamera ya filamu ya abiria mmoja ilipatikana ikiwa na picha za mandhari, kisha picha zikaruka ghafla na kuvurugika. Ndege ya kivita ya Marekani aina ya A-4 iliyotumwa kutafuta mabaki iliingia nayo katika msukosuko mkali mno karibu na mlima huo. Wachunguzi walikuta pia nyufa ndogo za uchovu wa chuma kwenye sehemu ya mkia, lakini hawakuziona kuwa chanzo. Mlima mmoja uliosimama peke yake, kama Fuji, hauna budi kuogopwa kama safu nzima.

Miaka miwili kabla ya hapo, tarehe 10 Januari 1964, ndege ya kivita aina ya B-52 iliyokuwa ikipima athari za msukosuko juu ya milima ya Sangre de Cristo, Colorado, ilipoteza sehemu kubwa ya bawa wima la mkia. Wahudumu wake waliiongoza kwa saa kadhaa na kuitua salama Arkansas. Tarehe 9 Desemba 1992 ndege ya mizigo aina ya DC-8 iling'olewa injini moja na kipande cha bawa magharibi ya Denver, nayo ikatua.

Katika Afrika ya Mashariki pepo za juu karibu na ikweta kwa kawaida ni dhaifu kuliko zile za Sierra au Andes, na mtikisiko mwingi wa milimani husababishwa na ardhi inayopashwa joto na jua. Hata hivyo ndege ndogo zitokazo Uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Maasai Mara huvuka ukingo wa Bonde la Ufa, na pepo za mashariki zikishuka ng'ambo ya Milima ya Ngong huishusha hewa pamoja nazo. Kwa ndege yenye injini moja, inayopanda mita tatu au nne tu kwa sekunde, hewa inayoshuka kwa kasi zaidi ya hiyo haiwezi kushindwa kwa nguvu za injini. Ndiyo maana rubani hufundishwa kuukabili mgongo wa mlima kwa mshazari, kama nyuzi 45, ili abaki na nafasi ya kugeuka. Kuuvuka akiwa na ziada kubwa ya kimo. Na kusafiri asubuhi, kabla jua halijaichemsha miteremko. Kipimakimo nacho hupotosha: karibu na vilele vyenye upepo mkali shinikizo la hewa hupungua, na chombo huonyesha kimo kikubwa kuliko kilichopo.

Ndege kubwa hupunguza mwendo hadi kasi iliyowekwa na mtengenezaji kwa ajili ya msukosuko, na rubani huacha kimo kiyumbe badala ya kukifukuzia kwa nguvu, kwa sababu kupambana na kila wimbi huongeza mzigo kwenye mabawa.

Viwanja vilivyo chini ya milima vimelazimika kujipatia macho yao wenyewe. Hong Kong, ambako uwanja wa Chek Lap Kok ulifunguliwa mwaka 1998 kando ya kisiwa chenye milima cha Lantau, ilianza mwaka 2002 kutumia lida, chombo kinachopima mwendo wa vumbi laini hewani kwa miale ya leza. Hata anga likiwa kavu na tupu, waongozaji wa ndege huona upepo unavyojikunja nyuma ya vilele, na rubani huonywa kabla hajaanza kushuka.