Unga wa AD-X2 na Maabara ya Serikali

Ofisi ya Taifa ya Viwango ya Marekani ilianzishwa mwaka 1901 ili kutunza vipimo, vya umeme vikiwamo, lakini baada ya muda ilianza pia kuletewa bidhaa ambazo wauzaji wake walizisifia kupita kiasi, ipime kama sifa hizo zina ukweli. Miongoni mwazo zilikuwamo dawa za betri, yaani chumvi zilizotiwa ndani ya betri ya gari kwa ahadi ya kuirudishia nguvu, na mwaka 1931 ofisi hiyo ilitoa waraka ulioeleza kuwa hazina faida. Mzozo mkubwa ulizuka baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na chanzo chake kilikuwa unga ulioitwa AD-X2.

Unga huo uliuzwa na Jess Ritchie wa Oakland, California, na sehemu yake kubwa ilikuwa salfeti ya sodiamu pamoja na salfeti ya magnesi, ambayo wengi huijua kama chumvi ya haluli. Betri ya gari ina bamba za risasi zilizozama katika asidi ya salfuriki. Inapotoa umeme, bamba hizo hufanya utando wa salfeti ya risasi, na betri ikikaa muda mrefu bila kuchajiwa, utando huo hugeuka fuwele ngumu zisizoondoka kwa urahisi. Ritchie alidai kuwa unga wake huifufua betri iliyofikia hali hiyo. Wateja wengi walimwamini, wala haikuwa kwa ujinga, kwa sababu aliyetia unga aliichaji pia betri yake, na kuchaji polepole peke yake huweza kuifufua betri iliyochoka. Hivyo ushuhuda wa mwenye betri moja, hata awe mkweli namna gani, hauwezi kutenganisha kazi ya unga na kazi ya umeme.

Utenganisho huo hupatikana tu pale betri zilizotiwa unga zinapopimwa sambamba na nyingine zisizotiwa, zote zikitendewa sawa. Ndivyo ilivyofanyika katika majaribio ya Juni 1952, ambayo utaratibu wake ulijadiliwa na Ritchie mapema, na tofauti yenye maana haikuonekana. Ritchie aliyakataa matokeo. Mwishoni mwa mwaka huo Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts kilifanya majaribio mengine kwa ombi la kamati ya Seneti iliyoshughulikia biashara ndogo, na watumishi wa kamati hiyo wakayatafsiri kuwa yanaunga mkono unga.

Machi 1953 Sinclair Weeks, Waziri wa Biashara katika serikali mpya ya Eisenhower, alimtaka Allen Astin, mkurugenzi wa ofisi ya viwango, ajiuzulu. Waziri alikiri kuwa yeye si mwanasayansi, lakini aliona kuwa maabara haikuupa uzito uamuzi wa soko, hoja yenye mvuto kwa mfanyabiashara ingawa soko halina betri ya kulinganishia. Wanasayansi wengi wa ofisi hiyo walitishia kuondoka, magazeti yakalishika jambo hilo, na katikati ya Aprili Weeks akalazimika kumwacha Astin kazini kwa muda, kisha Agosti akamthibitisha. Kamati ya Akademia ya Taifa ya Sayansi, chini ya Zay Jeffries, ilihitimisha kabla ya mwaka kwisha kuwa kazi ya maabara ilikuwa ya ubora wa juu na unga hauna thamani. Astin aliongoza hadi 1969. Hata hivyo tume ya serikali iliyosimamia haki katika biashara baadaye ilifuta shauri lake dhidi ya muuzaji, kwani kushinda maabarani na kushinda mbele ya baraza la kisheria ni mambo mawili.

Mwaka 1986 ofisi hiyohiyo ilipima, kutokana na amri ya mahakama, mashine ya Joseph Newman wa Mississippi, aliyekuwa akiishtaki ofisi ya hataza (yaani haki za uvumbuzi) kwa kumnyima hataza ya kifaa alichodai hutoa nishati nyingi kuliko kinayopokea. Vipimo vilionyesha kuwa kilitoa kati ya asilimia 26 na 67 tu ya nguvu iliyoingia. Newman alilalamika kuwa wapimaji walikiunganisha na ardhi na hivyo kuivujisha nishati ya ziada. Mahakama ya rufaa haikumkubalia mwaka 1989, lakini safari hii angalau ubishi ulihusu waya, si ajira ya mkurugenzi.