Kiondo na Suala la Umiliki: Historia ya Mkoba wa Kusukwa nchini Kenya

Kiondo ni mkoba wa mviringo unaosukwa kwa mkono na wanawake wa jamii za Wakamba na Wakikuyu. Katika maandishi mengi, kiondo hutajwa kama kielelezo cha utamaduni usiobadilika. Makala haya yanapinga mtazamo huo. Hoja kuu ni kwamba malighafi, rangi na matumizi ya kiondo vimebadilika mara kadhaa katika kipindi cha zaidi ya karne moja, na kilichodumu ni ufundi wenyewe pamoja na njia ya kuurithisha. Hoja hii ina uzito katika mjadala wa nani anastahili kunufaika na mkoba huo.

Kabla ya ukoloni, nyuzi za kiondo zilitokana na mimea ya porini. Wakikuyu walitumia magome ya kichaka wanachokiita mugio, ilhali Wakamba walitumia pia nyuzi za gome la mbuyu. Gome lilibanduliwa, likalainishwa, kisha nyuzi zikasokotwa kwa kiganja juu ya paja. Usukaji ulianzia kitakoni: nyuzi za mtande zilitandazwa kutoka kitovu kimoja, na nyuzi za mshindio zikapotwa kuzizunguka, mzunguko baada ya mzunguko, hadi mdomoni. Kazi hiyo haikuhitaji kitanda cha mfumi. Mwanamke aliweza kusuka akiwa njiani au akizungumza na wenzake. Kiondo kilibeba nafaka, viazi na mbegu. Binti alijifunza kwa kumtazama mama au nyanya yake.

Badiliko kubwa la kwanza lililetwa na mkonge. Mmea huu si wa asili ya Afrika Mashariki: mwaka 1893 Richard Hindorf aliuingiza katika koloni la Wajerumani, na miche 62 tu ndiyo iliyosalimika safarini. Mwanzoni mwa karne ya 20 kilimo chake kilifika Kenya, yakiwemo maeneo ya Thika. Kadiri misitu na vichaka vilivyopungua, wasukaji waligeukia mkonge uliopandwa kwenye mipaka ya mashamba. Kwa hiyo, nyuzi ambazo leo wanunuzi huzihesabu kuwa alama ya asili ya kiondo ni zao la historia ya kikoloni. Rangi za mimea nazo zilipisha rangi za viwandani, na baadaye nyuzi za sufu na nailoni zikaingia.

Badiliko la pili lilitokana na soko. Katika miaka ya 1970 na 1980, kiondo kilipata wanunuzi wengi Ulaya na Marekani. Vikundi vya wanawake vya Machakos na Kitui, vilivyorithi desturi ya kusaidiana kazi iitwayo mwethya, viliuza vyondo ili kulipa karo na kununua mabati. Hata hivyo, mara nyingi msukaji aliuza kiondo kisicho na mikanda. Mikanda ya ngozi, bitana na vifungo vilitiwa mahali pengine, na wafanyabiashara wakadhibiti usafirishaji. Thamani iliongezeka baada ya kiondo kutoka mikononi mwa aliyekisuka. Mikoba ya kuigiza kutoka Asia, iliyouzwa kwa bei nafuu, ilipojaa sokoni, msukaji ndiye aliyekuwa na kinga ndogo zaidi.

Hapo ndipo yalipozuka madai, ambayo yamerudiwa mara nyingi magazetini, kwamba kiondo kilisajiliwa Japani kama uvumbuzi. Kisheria, madai hayo yana ugumu, kwa kuwa hataza hutolewa kwa kitu kipya, na kiondo si kipya. Lakini kudumu kwa madai hayo kunaonyesha jinsi jamii ilivyoielewa hasara yake: kama wizi uliofanywa ng'ambo. Maelezo hayo yanaufunika mgawanyo usio sawa wa mapato uliokuwepo ndani ya nchi yenyewe.

Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 11, ililitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha jamii zinalipwa fidia au mrabaha kwa matumizi ya utamaduni wao. Sheria ya kulinda maarifa ya jadi ilipitishwa mwaka 2016, nayo inazingatia maarifa yaliyozalishwa, kuhifadhiwa na kurithishwa kizazi hadi kizazi. Kigezo hicho kinaafikiana na ushahidi wa kihistoria kuliko kigezo cha malighafi. Kama ulinzi ungefungwa kwenye nyuzi za asili, kiondo cha mkonge kingeachwa nje, na pamoja nacho karibu wasukaji wote wa leo.

Inahitimishwa kwamba ulinzi wa jina na umbo hautoshi. Urithi wa kiondo umo katika mikono inayosokota na kufundisha. Iwapo malipo ya msukaji hayatalingana na siku anazotumia kukisuka, binti zake watatafuta kazi nyingine, na sheria itabaki ikilinda maarifa yasiyo na mrithi.