Kariokor

Jina Kariokor limezoeleka mdomoni kiasi kwamba mgeni akilisoma kwenye kioo cha matatu anaweza kudhani ni la Wakikuyu au la Wamaasai, walioijua ardhi hii kabla ya Nairobi kuwa mji. Si lao. Ni maneno mawili ya Kiingereza, carrier corps, yaliyotamkwa na watu ambao wengi wao hawakuulizwa kama wanayataka.

Tuyafungue moja moja, maana kila neno lina safari yake. Carrier ni mchukuzi, mbeba mizigo. Waingereza walilipata kwa Wafaransa wa kale, nao wakalirithi kutoka Kilatini, carrus, yaani gari la kukokotwa na wanyama. Corps nalo ni la Kifaransa, na shina lake la Kilatini, corpus, ni mwili. Kikosi huitwa mwili kwa kuwa watu wengi hutembea kama mtu mmoja. Hutamkwa bila p wala s, ndiyo maana masikio yetu yalisikia “kor” tu. Na kutoka shina hilohilo Kiingereza kilipata corpse, maiti. Msomaji ayaweke akilini maneno hayo matatu: gari, mwili, maiti.

Vita vya kwanza vya dunia vilipolipuka Agosti 1914, Waingereza wa Kenya, iliyoitwa wakati huo British East Africa, walijikuta wakipigana na Wajerumani wa Tanganyika chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Vita hivi havikuwa vya kukaa mahali pamoja. Von Lettow-Vorbeck alirudi nyuma, akahama, akawavuta adui zake kusini kila mwaka, na barabara hazikuwapo. Ng'ombe, farasi na nyumbu waliuawa na mbung'o. Malori yalizama kwenye matope. Pale gari lilipokwama, palibaki kichwa na mabega ya mtu.

Tazama hesabu yake. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama ratili 50 au 60. Tuseme amebeba ratili 50 za unga, naye anakula ratili 2 kwa siku. Akienda mwendo wa siku 12 na kurudi siku 12, amekula karibu unga wote aliobeba, na askari aliyeko mbele hajapata kitu. Kwa hiyo nyuma ya mchukuzi alihitajika mchukuzi wa kumlisha mchukuzi, na nyuma yake mwingine. Kadiri jeshi lilivyosonga mbali na reli, ndivyo vijiji vilivyozidi kukamuliwa wanaume.

Aliyepewa kazi ya kuunda kikosi hicho mwaka 1914 alikuwa Oscar Watkins, ofisa wa serikali ya kikoloni. Mwaka 1916 serikali ilikibadilisha jina kikawa Military Labour Bureau, na baadaye kikabadilishwa tena. Watu hawakujali. Kwao kilibaki Kariokor, na wazee wengi waliviita vita vyenyewe kwa jina hilo: fulani alikwenda Kariokor, fulani hakurudi kutoka Kariokor.

Sheria ya mwaka 1915 iliruhusu wanaume kuchukuliwa kwa lazima. Ujira ulishushwa hadi rupia 5 kwa mwezi, chini ya walivyolipwa waliotangulia. Kisha ukaja mwaka 1917, mwaka mbaya kuliko yote. Ofisa mwingine wa kikoloni, John Ainsworth, alikabidhiwa jukumu la kukusanya watu kwa wingi. Wakuu wa wilaya wakadai idadi kutoka kwa machifu, na machifu wakawatuma watu wao nyumba kwa nyumba. Kwa miezi michache walichukuliwa wanaume kama 120,000. Walipelekwa pwani kwa reli, kisha kwa meli hadi Dar es Salaam, Kilwa na Lindi.

Risasi haikuwa adui yao mkubwa. Waliuawa na kuhara damu, malaria na nimonia. Watu waliozoea ndizi, viazi au ugali wa mtama walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wakaupika haraka kwa kuni mbichi baada ya kutembea kutwa nzima, na matumbo yakashindwa. Mvua za mwaka 1917 zilipofurika bondeni Rufiji, hata chakula hicho kilipungua. Kwa jumla Waingereza walitumia karibu wachukuzi milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki. Waliokufa, hata kwa hesabu za serikali yenyewe zilizokuwa na mapengo, walizidi 90,000.

Kambi ya Nairobi ilikuwa ng'ambo ya mto, mahali linaposimama soko la Kariokor leo. Dar es Salaam ilipotekwa Septemba 1916, nako kambi iliwekwa, na mtaa ukaitwa Kariakoo. Ni jina lilelile. Watu wa Dar waliimalizia silabi ya mwisho kwa irabu, kama Kiswahili kinavyopenda. Nairobi waliiacha r ikining'inia. Mkenya anayepanda basi kwenda kununua vitambaa Kariakoo anatoka kwenye kambi moja anaingia nyingine, na pengine hajui.

Waliorudi hawakupumzika. Mwaka 1920 kipande kilianza kutumika: karatasi ya alama za vidole ndani ya kikebe cha chuma kilichovaliwa shingoni. Mtu aliyepewa namba vitani alirudi akapewa namba nyumbani. Kipande kilikuwa kati ya malalamiko yaliyompa mwanaharakati Harry Thuku wafuasi, naye alipokamatwa Machi 1922 watu walipigwa risasi Nairobi wakidai aachiliwe. Malipo ya maelfu ya wachukuzi waliokufa au wasioonekana hayakuwafikia warithi wao. Watkins aliwapigania, akashindwa.

Eastlands, upande wa Nairobi ilipo Kariokor, ni daftari la majina. Soko la Burma linakumbusha vita vya pili vya dunia. Mtaa wa Ofafa unamkumbusha Ambrose Ofafa na wa Mbotela unamkumbusha Tom Mbotela, wote wawili waliouawa miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Lakini Kariokor haina mtu. Ni jina la kazi, na waliofanya kazi hiyo wamefichwa nyuma yake.

Mwaka 1928 mnara wa kumbukumbu ya askari uliwekwa katikati ya Nairobi, ilipo sasa Kenyatta Avenue, na maneno yake yaliandikwa na mwandishi Rudyard Kipling. Yanawataja wachukuzi kuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanamwahidi anayekufa kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Majina yenyewe hayakuandikwa. Hilo halikuwa jambo la kusahaulika kwa bahati mbaya. Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na waziri wa ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, akaomba radhi bungeni.

Radhi hiyo haiwezi kuyarudisha majina ambayo ofisi hazikuyatunza. Yaliyobaki yako kwa familia: Murang'a, Machakos, Kisumu, Kakamega, Voi. Kama kwenu kuna nyanya anayesimulia kuhusu babu aliyekwenda Kariokor asirudi, mwulize jina lake lote, jina la baba yake na la kijiji alichotolewa, na uyaandike leo.