Hukumu ya Mistari Kumi: Habari za Wahakiki wa Muziki wa Panki

Kabla ya mwaka 1976, mtu aliyetaka kujua habari za santuri mpya nchini Uingereza alitegemea magazeti machache ya muziki yaliyotoka kila juma, kama New Musical Express, Sounds na Melody Maker, ambayo yaliandikwa na watu wa mshahara, yakaishi kwa matangazo ya makampuni makubwa, na aghalabu yakamhesabu msikilizaji kuwa mnunuzi wa kuongozwa, si mtu mwenye rai yake. Mwezi wa Julai mwaka huo karani mmoja wa benki, kijana wa Deptford kusini mwa London aitwaye Mark Perry, baada ya kuisikia santuri ya kwanza ya Ramones, bendi ya panki ya New York, na kuona kuwa hapana gazeti lililoizungumza kwa namna inayoistahiki, alikaa na taipureta ya kitoto akaandika kurasa chache, vichwa vya habari akavichora kwa kalamu nene ya wino, kisha mchumba wake akazinakili kwa mashine ya ofisini alikofanya kazi. Zikatoka nakala 50 hivi. Jarida hilo, Sniffin' Glue, lilikuwa na herufi zilizopinda na maneno yaliyokatwa kwa kalamu mbele ya macho ya msomaji, na lugha yake ilikuwa ile ile ya vijana wanaobishana nje ya ukumbi baada ya onyesho kwisha.

Perry aliiacha benki, na mwaka uliofuata jarida lake likawa linauzwa kwa maelfu; lakini alipotimiza matoleo 12 alilifunga mwenyewe, naye alikuwa amekwisha kuwanasihi wasomaji wake wasitosheke na kumsoma yeye, bali waandike majarida yao. Nasaha hiyo ilisikilizwa kuliko alivyotazamia mtu yeyote. Huko Glasgow Tony Drayton alianza Ripped & Torn mwaka ule ule wa 1976; mjini San Francisco V. Vale alianza Search & Destroy mwaka 1977 kwa msaada wa dola mia mia kutoka kwa washairi wawili mashuhuri, Allen Ginsberg na Lawrence Ferlinghetti; na pande za Los Angeles lilizuka Flipside. Hawa hawakuwa wanachuoni wa muziki. Walikuwa wasikilizaji waliochoka kusubiri ruhusa.

Uhakiki, hata hivyo, hauwi pasipo kitu cha kuhakikiwa, na hapa ndipo historia ya majarida haya inapofungamana na historia ya santuri zilizotolewa na wenyewe. Mwishoni mwa Desemba 1976 bendi ya Buzzcocks ya Manchester iliingia studio na nyimbo nne, kwa fedha za mkopo zipatazo pauni 500, baadhi yake zikiwa za babake mpiga gita Pete Shelley, na mwezi uliofuata ikatoa santuri ndogo iitwayo Spiral Scratch kwa lebo yake yenyewe, New Hormones. Zilipigwa chapa nakala 1,000, wenyewe wakitumaini angalau kurudisha deni. Zikaenda upesi, na jumla ikafika nakala 16,000. Juu ya jalada waliandika kila wimbo ulirekodiwa mara ya ngapi ndipo ukakubaliwa, jambo ambalo makampuni hayakuwa na desturi ya kulifichua, na kwa mistari hiyo michache kijana yeyote aliyeigeuza santuri ile mkononi alifahamu kwamba kazi iliyodhaniwa kuwa ni ya mabwana wakubwa ni kazi ya mchana mmoja.

Ng'ambo ya Atlantiki, katika mji wa Washington, jambo hilo lilichukuliwa kwa ghera kubwa zaidi na vijana waliokuwa wadogo zaidi. Bendi iitwayo Teen Idles, iliyokuwa ikivunjika mwishoni mwa mwaka 1980, iliamua kwamba akiba ndogo iliyopatikana katika maonyesho yake isigawanywe, bali itumike kuacha kumbukumbu. Ndipo Ian MacKaye na Jeff Nelson wa bendi hiyo wakaanzisha lebo ya Dischord. Hawakujua jalada la santuri hutengenezwaje, basi walichukua jalada la santuri moja ya Kiingereza, wakalibandua gundi taratibu mpaka likalala bapa mezani, wakaifuatisha ruwaza yake, na ruwaza hiyo wakaipeleka kwa mpiga chapa. Karatasi ziliporudi, wao na rafiki zao wakaketi sakafuni na mikasi wakikata, wakikunja na kugandisha jalada moja baada ya jingine, nakala 1,000 kwa jumla. Muziki wenyewe, ambao kwa kuwa ulikuwa wa kasi na ukali kupita panki ya awali ulikuja kuitwa hadkoo, haukuwa na njia ya kuingia redioni wala katika maduka makubwa. Njia yake ilikuwa bahasha ya posta iliyopelekwa kwa mhariri wa jarida fulani katika mji wa mbali, kama wale Tesco Vee na Dave Stimson wa Lansing, Michigan, waliokuwa wakitoa jarida la Touch and Go tangu 1979, ambao kwa barua tu walifanya urafiki na vijana hao wa Washington, hata baadaye Vee mwenyewe akahamia huko.

Lakini jarida lililoufanya uhakiki wa santuri ndogo kuwa taasisi ni Maximum Rocknroll. Lilianza kama kipindi cha redio mwaka 1977 katika kituo cha KPFA mjini Berkeley, California, kikiongozwa na Tim Yohannan, mtu mzima kuliko vijana wengi waliomzunguka, mfuasi wa siasa za mrengo wa kushoto, mwenye kucheka kwa sauti na kubishana kwa azma. Mwaka 1982 yeye na wenzake walikusanya bendi 47 za kaskazini mwa California na Nevada katika santuri mbili zilizotiwa jalada moja, Not So Quiet on the Western Front, na ndani yake wakatia kijitabu kilichopigwa chapa juu ya karatasi ya gazeti. Kijitabu hicho ndicho kilichokuwa toleo la kwanza la jarida.

Ukurasa wa hakiki wa Maximum Rocknroll haukuwa na uzuri wa kumvuta mpita njia. Karatasi ilikuwa ile hafifu ya gazeti, na wino wake uliachia vidoleni. Herufi zilikuwa ndogo, safu zimebanana, bendi zimepangwa kwa alfabeti, na kila hakiki ilikuwa ya mistari michache, pengine minane, pengine kumi, ikianza kwa jina la bendi na la santuri, ikisema sauti yake imeshabihiana na ipi na imetengana nayo wapi, ikitoa hukumu bila ya kuzunguka, kisha ikifungwa na herufi za mwanzo za jina la mhakiki. Baada ya herufi hizo, au kabla yake, ndani ya mabano, ilikuwapo anwani: sanduku la posta la bendi yenyewe au la lebo yake ndogo.

Anwani hiyo, kwa rai yangu, ilikuwa na thamani kuliko hukumu. Msomaji wa Helsinki au São Paulo aliyeona kwamba mhakiki fulani ameikebehi bendi kwa kuwa ina kelele mno, naye akiwa ni mpenda kelele, alitia noti ndani ya karatasi iliyokunjwa mara tatu ili isionekane na wezi wa posta, au alinunua kuponi za posta za kimataifa, akatuma, akangoja majuma mengi. Na aghalabu kilichorudi hakikuwa santuri peke yake, bali barua, kaseti ya bendi nyingine ya mji ule, na vikaratasi vyenye anwani zaidi. Kwa hiyo hata hakiki mbaya ilifanya kazi ya wema. Mhakiki wa gazeti kubwa humwambia msomaji anunue au asinunue, akaishia hapo, na yule wa panki, hata alipokosea katika kuhukumu, alikuwa amekwisha kuwakutanisha watu wawili ambao lau si yeye wasingalijuana maisha. Pembeni mwa hakiki zilichapwa habari za miji, zilizoandikwa na wenyeji wa Brazili, Ufini, Yugoslavia na kwingineko, na mwaka 1984 jarida likatoa santuri ya mkusanyiko wa bendi za nchi nyingi.

Wahakiki hawakulipwa. Walikuja jioni baada ya kazi zao, wakachukua rundo la santuri, wakaondoka nazo au wakaziweka papo hapo chini ya sindano, na kila santuri iliyobaki katika maktaba ya jarida ilizungushiwa ukingoni utepe wa kijani ili isiibwe wala isiuzwe. Na maktaba hiyo ikakua mpaka ikawa na makumi ya maelfu ya santuri. Maadamu hapakuwa na mshahara wa kupoteza wala mtangazaji mkubwa wa kumwogopa, mhakiki aliweza kusema kweli yake yote, na kwa hakika alisema, pengine kwa ukali uliopita insafu, juu ya watoto wa miaka 16 waliotia roho zao katika nyimbo za dakika moja. Ukali huo ninauona ni taksiri. Lakini wale walioumizwa walikuwa na ukurasa wa barua ndani ya jarida hilo hilo, wakajibu kwa ghaidhi, na majibu yao yakachapwa, jambo ambalo magazeti makubwa hayakuwa na subira nalo.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1994. Green Day, bendi iliyolelewa katika ukumbi wa 924 Gilman Street wa Berkeley, ambao Yohannan na wenzake waliufungua usiku wa kuamkia mwaka 1987, ilitoa Dookie kwa kampuni kubwa, na santuri hiyo ikauzwa kwa mamilioni. Ukumbi ulishika kanuni yake ya kutozipokea bendi za makampuni makubwa, na wakati huo huo Yohannan akaibana milango ya ukurasa wa hakiki: muziki wa makampuni hayo usipokewe, na hata wa lebo huru usipokewe ila ule alioukubali yeye kuwa panki. Wengi waliona kuwa mpinga ufalme amejitia taji. Mwaka huo huo Dan Sinker alianzisha Punk Planet, lililokuwa na kifua kipana zaidi, na Kent McClard akaanzisha HeartattaCk, lililokataa kuhakiki santuri yoyote yenye ile mistari ya bei isomwayo na mashine dukani. Kanuni ya McClard ilikuwa ngumu, lakini ilikuwa na uadilifu ambao ile ya Yohannan haikuwa nao: mistari ya bei ipo au haipo, kila mtu huiona kwa jicho lake, ilhali panki ya Yohannan ilipimwa kwa sikio la mtu mmoja.

Yohannan alifariki kwa saratani mwaka 1998, naye alikuwa ameandaa mambo ili jarida liendelee mikononi mwa vijana. Liliendelea kuchapwa hadi mwaka 2019, wakati ambapo HeartattaCk na Punk Planet yalikwisha kufungwa zamani, kisha hakiki zake zikahamia katika mtandao. Karatasi bado inachapwa Los Angeles na jarida la Razorcake, lililoanza mwaka 2001. Kazi ya anwani sasa inafanywa na kiungo ambacho msomaji hukibonyeza akaisikia bendi kabla hajamaliza kusoma sentensi, na mhakiki amebakiwa na kazi ngumu zaidi, ya kumfanya mtu akae na kelele ngeni kwa dakika 40 ilhali kidole chake ki tayari kukimbilia kwingine.

Kazi hiyo ilidhihirika Agosti 2020, pale lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa santuri ya Duma, vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, waliotoka katika bendi za metali za jiji hilo, wakachanganya ukelele wa hadkoo na midundo ya mashine iliyopasuka-pasuka. Wahakiki wa Ulaya na Marekani waliiandika kwa mastaajabu, baadhi yao wakishangaa zaidi mahali ilikotoka kuliko sauti yenyewe, na hilo ni upungufu. Bora walikuwa wale waliosikiliza kwanza wakatazama ramani baadaye. Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa kazi yake ya peke yake, The Adept, mwaka 2024, na hakuipeleka kwa mtu: aliitoa kwa Haekalu, lebo aliyoianzisha mwenyewe.