Diakonia Inayobaki: TCRS na Mfano wa Dakawa

Mwaka 1964 Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni, kwa makubaliano na Serikali na Umoja wa Mataifa, lilianzisha TCRS kuwahudumia wakimbizi waliokimbilia Tanganyika. Baadaye, huko Ulyankulu, Katumba na Mishamo, shirika hilo lilifyeka mapori, likachimba visima na kujenga shule na zahanati kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi.

Kazi ilikuwa njema, lakini iliacha swali: mfadhili akiondoka, nani atatengeneza pampu ya kisima? Kwa sababu hiyo TCRS iligeukia kuvijengea uwezo vikundi vya vijiji, vikiwamo vya kuweka na kukopa, ili wanachama wapange na kusimamia wenyewe. Mwaka 2006 nayo ikawa shirika la Kitanzania lenye kujitegemea.

Dakawa inalielewa swali hilo. Mwaka 1982 ilitengewa ardhi kwa ajili ya wakimbizi wa ANC. Walipoondoka miaka ya 1990, majengo yalibaki mikononi mwa Serikali. Shamba la mpunga la NAFCO, lenye hekta zipatazo 2,000, nalo lilikwama, kisha likashikwa na wakulima wadogo kupitia ushirika wao, UWAWAKUDA. Maji ya Mto Wami huvutwa kwa umeme, na gharama yake ni mzigo wa wanachama.

Mzigo huo ni mzito, lakini una wenyewe. Diakonia ya kweli humwinua maskini hadi asimame, kisha humwachia jembe na daftari la hesabu.