Neema, Matendo Mema na Thawabu: Fundisho Tulilolirithi

Katika kuadhimisha miaka 100 ya usharika wetu, yatupasa kuwakumbuka waliobeba mawe ya msingi, waliowafundisha watoto kusoma, na waliotoa mazao ya mashamba yao kwa ajili ya kazi ya Bwana. Lakini je, kazi hizo ndizo zilizowapatia mbingu? Swali hili ni la kale, na Kanisa la Kilutheri lilizaliwa katika kulijibu.

Mwaka 1517 mhubiri Johann Tetzel alikuwa akizunguka nchini Ujerumani akiuza vyeti vya msamaha, na sehemu ya fedha hizo ilikusudiwa kujenga Kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma. Tarehe 31 Oktoba mwaka huo Martin Luther, mwalimu wa Maandiko katika Chuo Kikuu cha Wittenberg, alitoa hoja 95 za kupinga biashara hiyo. Yafaa tukumbuke kwamba katika hoja ya 43 alifundisha kuwa kumpa maskini au kumkopesha mhitaji ni tendo bora kuliko kununua cheti. Basi tangu mwanzo Luther hakuyadharau matendo mema. Alichokataa ni kuyafanya kuwa bei ya wokovu.

Hata hivyo wapinzani walisema kwamba Walutheri wanakataza matendo mema. Luther alijibu mwaka 1520 kwa kitabu kuhusu matendo mema, akifuata Amri Kumi na kuiweka imani kuwa tendo la kwanza. Nalo Ungamo la Augsburg, lililosomwa mbele ya Kaisari Karolo wa Tano tarehe 25 Juni 1530, lilieleza katika kifungu cha 4 kwamba twahesabiwa haki bure kwa ajili ya Kristo, kwa njia ya imani. Na katika kifungu cha 6 kwamba imani hiyo haina budi kuzaa matunda.

Baada ya kifo cha Luther mwaka 1546, ubishi ulizuka miongoni mwa Walutheri wenyewe. Georg Major alidai kwamba matendo mema ni ya lazima kwa wokovu. Nikolaus von Amsdorf akampinga hata akasema yanaudhuru wokovu. Mapatano ya mwaka 1577 yalizikataa kauli zote mbili: matendo mema ni wajibu wa kila aaminiye, lakini si sababu ya kuokolewa kwake.

Je, thawabu? Katika Utetezi wa Ungamo, mwaka 1531, Philipp Melanchthon hakulikwepa neno hilo, kwa kuwa limo katika Maandiko. Alifundisha kwamba msamaha wa dhambi haupatikani kwa matendo, ila Mungu huahidi kuwatuza watu wake, katika maisha haya na yajayo. Mtoto alimaye shamba la baba yake hawi mtoto kwa sababu ya jembe. Hata hivyo baba huiona kazi yake, huifurahia na humtuza. Tuzo hiyo nayo ni ya ukarimu wa baba.

Fundisho lililowagawa Wakristo kwa karne nyingi limewakaribisha tena. Tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji uleule wa Augsburg, Kanisa Katoliki na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, ambalo KKKT ni mwanachama wake, walitia sahihi Tamko la Pamoja kuhusu kuhesabiwa haki.

Kwa hiyo tuyasome majina yaliyomo katika kitabu hiki kwa shukrani, wala tusiyafanye orodha ya wanaostahili. Wako wengi waliochota maji na kufagia nyumba hii ya ibada ambao hakuna daftari lililowataja. Hawakupungukiwa na kitu. Katika Mathayo 25 wenye haki wanastaajabu kusikia habari za matendo yao wenyewe, hawakuwa wameyahesabu. Aliyeyakumbuka ni Bwana, naye ndiye aliyewaokoa kwa neema. Kizazi kinachoanza karne ya pili kitende kazi kwa uhuru huo.