Kompyuta ya Harwell na Mafundi Walioifufua

Mwaka 1951, katika kituo cha utafiti wa nguvu za atomiki cha Harwell, Uingereza, kompyuta moja yenye uzito wa tani 2.5 ilianza kazi. Haikuwa na haraka; kuzidisha namba kulihitaji sekunde kadhaa. Yasemekana mpiga hesabu mmoja hodari, mwenye mashine yake ya mezani, alishindana nayo akaenda nayo sambamba kwa muda wa nusu saa, kisha akachoka. Kompyuta haikuchoka. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake, nayo si sifa ndogo.

Mwaka 1957 ilipewa chuo cha Wolverhampton, ikatumiwa kufundishia vijana hadi 1973. Baadaye ikawekwa katika jumba la makumbusho la Birmingham. Jumba hilo lilipofungwa mwaka 1997, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa ghalani.

Walioitoa humo mwaka 2009 ni watu wa kujitolea wa makumbusho ya kompyuta ya Bletchley Park. Wangeweza kuipangusa tu, ikasimama kimya mbele ya wageni. Lakini kompyuta isiyowashwa ni kabati la chuma. Namba zake hukaa katika taa ndogo ziitwazo dekatroni: nukta ya mwanga huzunguka vituo kumi, na mwenye macho huiona hesabu ikitendeka. Pasipo umeme haonyeshwi kitu. Basi wakasafisha swichi na kupima nyaya, wakivihifadhi vipuri vya asili kila ilipowezekana, kwa miaka mitatu. Novemba 2012 ikapiga hesabu tena, polepole kama zamani, na baadhi ya waliokuwa nayo Harwell walikuwapo kuitazama.